Kaa Utulie, Vipepeo wa Newala Watakuja Wenyewe

Wageni wengi wakifika Shimo la Mungu, ukingo wenye mteremko mkali hapa Newala, mkoani Mtwara, hulitazama bonde la Mto Ruvuma, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi nawaomba wageuze shingo na kutazama vichaka vilivyo kwenye ukingo wenyewe.

Fika saa mbili asubuhi, jua likianza kuchoma. Misuli ya kipepeo haina nguvu mpaka ipate joto la karibu nyuzi 30, kwa hiyo saa hizo utamkuta ametandaza mabawa juu ya jani akiota jua. Msogelee polepole, na kivuli chako kisimfunike. Kikimgusa tu, ameshapotea.

Ikifika saa nne, usitembee tena. Madume wa aina kadhaa hupanda sehemu iliyoinuka na kuingoja mijike. Kila mmoja ana tawi lake. Akipita mwenzake anamfukuza, wanazungushana hewani, kisha mwenye tawi anarudi palepale. Ukishalijua tawi, elekeza darubini hapo usubiri. Nimewahi kukaa saa nzima mbele ya tawi moja, wala sikuchoka.

Wanaonivutia kuliko wote ni wale wanene wenye vimkia viwili kwenye kila bawa la nyuma, Charaxes kwa jina la kitaalamu. Wanaruka kwa kasi, hata mlio wa mabawa unausikia. Hawa hawahangaiki na maua, wanataka matunda yaliyochacha, na sisi kwetu msimu wa korosho mabibo yamejaa chini. Ponda matatu au manne, yaache siku mbili kwenye kopo, kisha yaweke juu ya kisiki penye jua. Mmoja alitua kwangu akakunjua mrija wake, akauchomeka kwenye bibo na kunywa mpaka nikaweza kuhesabu mistari ya bawa lake, uso wangu ukiwa shubiri moja tu kutoka kwake.

Kwenye kivuli cha mikorosho tafuta wale wadogo wa kahawia. Masika wana madoa kama macho pembeni mwa mabawa, na ndege hudonoa hapo badala ya mwilini. Kiangazi, majani makavu yakitanda, kizazi kinachotoka huwa na madoa hafifu sana, nao hujificha kwa kufanana na jani lililokufa. Ndiyo maana nasisitiza uje misimu yote miwili.

Daftarini andika saa, jua au wingu, na alikotua. Wavu uache nyumbani.