Mtihani wa signali za reli, kwa watu wa Mwanza mlioko nje

Wadau, watoto wa Mwanza mlioko kwenye kazi za reli huko Uingereza, Australia na Uarabuni, mkija likizo swali ni lile lile, ule mtihani wa IRSE naanzia wapi. Haya tuongee.

IRSE ni chama cha wahandisi wa signali za reli, yaani taa na mitambo ya kuongoza treni, kipo tangu 1912, makao yake London. Mtihani una moduli nne, A mpaka D. A ni ya misingi na ina cheti chake, ukimaliza na hizo tatu zingine ndo unapata diploma ya juu. Anza na A hata kama una miaka mingi saiti, maana saiti mtu anajua sana kitu kimoja na vingine vinampita pembeni.

Sasa shika hili kuliko yote: usikariri taratibu za kampuni yako, tafuta sababu yake. Msahihishaji hajali kwamba "kwetu tunafanya hivi", anataka ujue ukiacha kufanya nini kitatokea. Chukua reli yetu ya zamani ya Tabora hadi Mwanza iliyofika ziwani 1928, njia ni moja tu. Jiulize, kati ya Mwanza na Malampaka nini kinazuia treni mbili zisikutane uso kwa uso? Andika jibu kwa maneno yako mpaka mdogo wako wa kidato cha pili aelewe, alafu ndo ukafungue vitabu vya tokeni (kibali kimoja tu ambacho dereva lazima awe nacho kuingia kipande cha njia) na intaloki (mfumo unaozuia signali na njia kupingana), utaona vinaingia vyenyewe.

Hesabu fanya kwa mkono, kila siku kidogo. Mfano treni ya 120 km/h, hiyo ni mita 33.3 kwa sekunde, breki inapunguza mwendo kwa mita 0.5 kwa sekunde kila sekunde, inasimama kwa mita 1,111. Signali za rangi tatu, ya njano inaonya umbali mzima wa breki kabla ya nyekundu, kwa hiyo kati ya treni unahitaji mara mbili ya hiyo, jumlisha mita 200 za dereva kuona signali, ovalapu (nafasi ya akiba mbele ya signali nyekundu) 180, urefu wa treni 400, inakuja mita 3,002, gawa kwa mwendo unapata sekunde 90 kati ya treni na treni. Sasa weka mteremko wa 1 kwa 100, treni ikishuka breki inapungua toka 0.5 hadi karibu 0.4, zile 1,111 zinakuwa kama 1,389 na signali zako zote kwenye karatasi zinabidi zisogee. Hapo ndo wengi wanaruka, wanachora vizuri kabisa ila mteremko wameuacha, na sisi Watanzania mteremko tunaujua, Igandu, Dodoma, tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma ikagonga ya mizigo, watu 281 wakafa. Usiuchukulie kama namba ya kona ya karatasi.

Soma pia ajali ya treni ya Clapham, London, ya 12 Desemba 1988, watu 35 walikufa. Waya wa zamani uliachwa unaning'inia kwenye chumba cha rilei (swichi za umeme zinazoendesha signali), ukagusa, signali ikaruhusu treni wakati mbele kuna treni nyingine. Lakini usiishie kwenye waya: hakuna aliyehesabu waya baada ya kazi, na fundi alikuwa amepumzika siku moja tu ndani ya wiki 13. Hilo ni jibu zima la usalama, vifaa, ukaguzi na binadamu kwa pamoja.

Kuhusu kundi la kusoma, angalieni saa. Mkiweka saa mbili usiku ya Mwanza wa Perth, Australia, anakuwa saa saba usiku na atawakimbia. Jumapili saa tisa alasiri huku, London kipindi cha kiangazi ni saa saba mchana na Perth saa mbili usiku, wote mnaweza. Kila mtu apige picha mchoro wake atume, mwenzake aukosoe kwa kalamu nyekundu, tena bila huruma.

Tafuta pia mhandisi mkubwa hapo kazini akusahihishie, muombe mapema, maana mtihani kwa kawaida ni Oktoba na kuanzia Agosti kila mtu anamtafuta huyo huyo. Na siku yenyewe, kabla hujachora chochote, andika juu ya karatasi unafuata utaratibu wa reli ya nchi gani na umechukulia nini kuhusu breki na urefu wa treni.