Jinsi ya kuisoma historia ya Wapoland na kujua Mpoland ni nani bila kupotea njiani

Wengi wakitaka kujua Wapoland ni kina nani wanafungua ramani ya Ulaya ya leo, wanaiona Poland imekaa pale kati ya Ujerumani na Ukraine, basi wanaona wamemaliza, Mpoland ni anayeishi mle ndani. Ukianza hivo utapotea mapema sana. Hiyo mipaka imewekwa baada ya vita kuisha 1945, na nyuma yake kuna miaka 123 ambayo hakukuwa na nchi huru inaitwa Poland, na bado Wapoland walikuwepo, wanaoana, wanaasi, wanafundishana kwa siri, wanakuza watoto wanaojua wao ni Wapoland. Mtu asiyeielewa hiyo miaka 123 hawezi kuelewa chochote kuhusu watu hawa, kwa hiyo mi nashauri uanzie hapo hapo.

Yaani anza na 1795, mwaka 966 ule wa ubatizo wa mtawala wao utaukuta baadae. Chukua karatasi, chora safu tatu, juu andika Urusi, Prussia (dola ya Kijerumani ya wakati ule), Austria. Hawa watatu ndo waliigawana Poland, mara ya kwanza 1772, mara ya pili 1793 bila Austria, mara ya tatu 1795 ikaisha yote, na mpaka Novemba 1918 haikurudi kama nchi huru. Safu tatu ni lazima maana maisha hayakuwa sawa kabisa, ukisoma tu kwamba "Wapoland walikandamizwa" umepata nusu ya habari. Upande wa Austria, eneo la Galicia, kuanzia miaka ya 1860 walipewa kujitawala kwa kiasi na vyuo vikuu vya Kraków na Lwów (leo Lviv, Ukraine) vilifundisha kwa Kipoland. Upande wa Urusi waliasi 1830, wakaasi tena 1863, na kila walivyoshindwa kamba ilikazwa zaidi, Kirusi kikaingizwa mashuleni, ndo maana Warsaw kukawa na chuo cha siri kilichokuwa kinahama nyumba hadi nyumba, na mmoja wa wasichana waliosoma humo ni Maria Skłodowska, huyu huyu dunia inamjua kama Marie Curie. Alivyogundua elementi mpya 1898 akiwa Paris aliipa jina la polonium, jina la nchi ambayo wakati ule haikuwepo kama nchi huru.

Upande wa Prussia ugomvi ulikuwa lugha na ardhi. Pale Września mwaka 1901 watoto wa shule walichapwa kwa sababu walikataa kujibu kwa Kijerumani kwenye somo la dini, na wazazi waliolalamika wakapelekwa mahakamani. Halafu kuna mkulima mmoja, Michał Drzymała, huyu naomba usimruke. Alinunua shamba kijiji cha Podgradowice, na mwaka 1904 ikatoka sheria kwamba nyumba mpya haijengwi bila kibali, na Mpoland kibali hapewi. Jamaa akanunua gari la kukokotwa, lile la watu wa sarakasi, akahamia humo na familia, na ili wasiseme hiyo ni nyumba akawa analisogeza kidogo kila siku. Kesi ikaenda miaka, magazeti ya Ulaya yakaandika. Ukimwelewa Drzymała umeelewa kwa nini ardhi na lugha vinawagusa Wapoland kiasi hicho mpaka leo.

Sasa hatua inayofuata, na hii ndo kazi yenyewe. Kila mtu utakayekutana naye kwenye historia hii muulize maswali manne: nyumbani alizungumza lugha gani, alisali wapi, alikuwa tabaka gani, na yeye mwenyewe alijiita nani. Hilo la nne lipe uzito mkubwa kuliko yote, maana matatu ya kwanza mara nyingi yanagombana.

Jaribu kwa Chopin. Baba Mfaransa, mama Mpoland, kazaliwa 1810 Żelazowa Wola karibu na Warsaw, nusu ya maisha yake kaishi Ufaransa na kafia Paris 1849, ila moyo wake ulirudishwa Warsaw na uko ndani ya nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu. Hapo hamna ubishi. Sasa jaribu kwa Wamazuri wa Prussia Mashariki, wakulima waliokuwa wanaongea lahaja ya Kipoland ila ni Walutheri, vizazi na vizazi chini ya Prussia. Julai 1920 wakaletewa kura ya maoni wachague Poland au Ujerumani, na zaidi ya asilimia 95 ya kura zikaikataa Poland. Lugha ilisema hivi, wao wakasema vile, na lazima uwasikilize wao.

Afu kuna ndugu wa kuzaliwa. Gabriel Narutowicz ndo rais wa kwanza wa Poland, alichaguliwa Desemba 1922 na kuuawa kwa risasi siku chache tu baadae, tarehe 16, na chuki dhidi yake ilichochewa sana na madai kwamba kabebwa na kura za wabunge wa makabila madogo. Kaka yake Stanisław ni miongoni mwa waliosaini tamko la uhuru wa Lithuania 1918. Baba mmoja mama mmoja, mataifa mawili! Na akina Szeptycki vile vile, mmoja jenerali wa jeshi la Poland, mwingine askofu mkuu wa Wakatoliki wa Kigiriki (wenye ibada ya mashariki ila chini ya Papa) na nguzo ya Waukraine. Hii haikuwa ajabu kwenye maeneo ya mashariki. Kwenye sensa ya 1931 kuna watu zaidi ya laki saba wa Polesie ambao waliandikwa kwamba wanaongea lugha ya hapa hapa, wao ni watu wa pale, basi. Ukikuta mwandishi anakupa asilimia za makabila ya zamani zile zimekaa sawa sawa bila kukuambia watu kama hawa waliwekwa wapi, msome kwa tahadhari.

Ukishafika hapo ndo rudi nyuma, utaona mambo yanajipanga yenyewe. Makabila ya Waslavi wa magharibi, kitovu kikiwa Gniezno na Poznań, mtawala Mieszko I anabatizwa 966 na kuchukua Ukristo wa Roma, mwanae Bolesław anavikwa taji 1025. Huo uamuzi wa Roma badala ya Constantinople ndo unaeleza kwa nini Wapoland wanaandika kwa herufi za Kilatini na Warusi hawaandiki hivo. Halafu ruka mpaka 1386, malkia Jadwiga anaolewa na Jagiełło mtawala wa Lithuania, na 1569 pale Lublin nchi mbili zinafungwa kuwa dola moja kubwa sana yenye Wapoland, Walithuania, mababu wa Wabelarusi na Waukraine, Wajerumani wa mijini, Waarmenia, Watatari Waislamu, na Wayahudi ambao walikuwa na hati ya kulindwa tangu 1264.

Kwenye dola hiyo kuna kitu wengi wanakikosea: neno taifa lilimaanisha makabaila, szlachta, labda mtu mmoja kati ya kumi. Hao walichagua mfalme, walikaa bungeni, na kabaila anaweza kuwa wa asili ya Kiruthenia, yaani wale mababu wa Wabelarusi na Waukraine, hata Muothodoksi, na bado akahesabiwa ndani ya taifa, wakati mkulima anayeongea Kipoland tangu tumboni hahesabiwi, yeye ni mali ya shamba tu. Usipoliweka hilo kichwani, matukio ya 1846 hayatakuingia akilini. Makabaila wa Galicia walikuwa wanaandaa uasi wa kuikomboa Poland, na wakulima wa maeneo ya Tarnów, wanaoongea Kipoland, Wakatoliki, wakawageukia hao hao makabaila wakaua kama elfu moja. Kwao Poland ilikuwa jina la bwana mwenye kiboko. Ukabaila wa kulazimisha kazi ulifutwa Galicia 1848 na upande wa Urusi 1864, na ni baada ya hapo, pole pole, kupitia shule, kanisa, magazeti na vyama vya ushirika, ndo mkulima akaanza kusema na yeye ni Mpoland. Kwa hiyo mtu akikuambia Wapoland ni taifa lile lile bila kubadilika kwa miaka elfu, mwambie tarehe ni za kweli lakini waliomo ndani walibadilika sana.

Vita Kuu ya Pili soma taratibu, usiikimbize. Ujerumani inaingia 1 Septemba 1939, Wasovieti wanaingia 17 Septemba, 1940 maafisa na wasomi kama 22,000 wanauawa na Wasovieti kwenye mauaji ya Katyn, laki kadhaa wanapelekwa Siberia na Kazakhstan, na baadhi ya waliotoka huko ndo walifika mpaka Tengeru karibu na Arusha, kama elfu tano hivi, wanawake na watoto wengi. Raia wa Poland karibu milioni sita walikufa, na kama nusu yao walikuwa Wayahudi. Ukiandika habari za Wapoland ukawaacha hao milioni tatu kama watu wa pembeni utakuwa umekosea vibaya, walikuwa raia, sehemu ya miji ile kwa mamia ya miaka.

Baada ya vita nchi nzima ikasogezwa magharibi. Lwów na Wilno (leo Vilnius, Lithuania) zikabaki Usovieti, Wapoland wa huko wakapandishwa treni kwenda Wrocław na kwingineko ambako Wajerumani wamefukuzwa, na 1947 Waukraine na Walemko (watu wa milimani huko) kama 140,000 wakang'olewa kusini mashariki wakatawanywa kaskazini na magharibi. Kwa hiyo ile Poland unayoambiwa ina kabila moja, dini moja, ni matokeo ya miaka kumi ya damu na treni, haikurithiwa kutoka zamani. Na hata saivi siyo moja kabisa: sheria ya 2005 inatambua makabila madogo 13 na inakipa Kikashubi, lugha ya watu wa kaskazini, hadhi ya lugha ya eneo, wakati Wasilesia, watu wa kusini, hawajatambuliwa na sheria hiyo japo kwenye sensa ya 2011 zaidi ya laki nane walijiandika Wasilesia, wengine wakiandika na Upoland pamoja.

Kama unataka kwenda kwenye karatasi zenyewe, tuseme unafuatilia ukoo fulani, ile karatasi yako ya safu tatu ndo itakuokoa. Rekodi za kuzaliwa na ndoa upande wa Urusi ziliandikwa kwa Kipoland mpaka 1868 halafu Kirusi, Galicia mara nyingi Kilatini, Prussia Kijerumani au Kilatini, na ofisi za kiserikali za usajili huko zilianza Oktoba 1874. Kwenye zile za Kirusi utakuta tarehe mbili pamoja, zimepishana siku 12 (13 kuanzia 1900), ni kalenda mbili tofauti, kwa hiyo chukua ile inayokuja baadae, ndo ya kalenda tunayotumia leo. Mtu akiandikwa katokea Urusi au Austria usikimbilie kumwita Mrusi, angalia kijiji na parokia kwanza. Jina la ukoo likiishia -ski nalo halithibitishi kitu, Wayahudi na Waukraine wengi wanalo pia, na mwanamke ataandikwa -ska, watu wanadhani ni ukoo mwingine. Tafuta kwanza Geneteka, faharasa ya bure iliyojazwa na watu wa kujitolea, halafu Szukaj w Archiwach ya hifadhi za taifa. Rekodi za kuzaliwa ambazo hazijafika miaka 100, na za ndoa na vifo ambazo hazijafika miaka 80, hutazikuta hifadhi, ziko bado kwenye ofisi ya usajili ya eneo husika, inaitwa Urząd Stanu Cywilnego, na huko unaomba kwa maandishi.