SOMO: Fyuzi za gari, aina zake na jinsi ya kubadilisha bila kuunguza waya

Wadau, juzi nimeletewa gari dogo linalotoa moshi chini ya dashibodi. Kufungua boksi la fyuzi, nikakuta ya taa za mbele imeviringishiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ganda la waya nyuma yake lilikuwa limeyeyuka likagandana na nyaya tatu za jirani. Yote kwa sababu ya fyuzi ya bei ya soda.

Fyuzi inalinda waya. Waya mwembamba ukipitishiwa umeme mwingi unapata moto, kwa hiyo tunaweka kipande ambacho kitakatika kabla yake.

Hatua ya 1: Ijue uliyonayo. Magari ya zamani yana za kioo. Ya sasa yana za miguu miwili bapa, zilizoanza miaka ya 1970, na rangi ndiyo inakutajia ampea: kahawia 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20, nyeupe 25, kijani 30. Chini ya boneti kuna kubwa za mraba zenye kidirisha. Hizo hukatika polepole makusudi, maana mota ya feni ya rejeta huvuta umeme mwingi inapoanza kuzunguka.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kuchomoa. Washa kifaa husika, bana waya wa testa (kitaa kidogo chenye ncha kali) kwenye chuma cha bodi, kisha gusisha ncha kwenye vitundu viwili vya chuma mgongoni mwa fyuzi. Ikiwaka pande zote, ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imekatika.

Hatua ya 3: Zima switchi, ichomoe, itazame kwenye mwanga. Uzi ukiwa umeachana kidogo tu, mara nyingi mzigo ulizidi. Plastiki ikiwa imepata weusi na vitone vya chuma, tafuta shoti.

Hatua ya 4: Rudisha ampea ileile. Ikiungua tena papo hapo, acha. Usimalize pakiti nzima ukibahatisha.

Ukiongeza taa, piga hesabu: balbu 2 za wati 55 ni wati 110, gawanya kwa volti 12, unapata ampea 9 na kidogo. Weka fyuzi ya 15, waya unaoimudu, na fyuzi ikae karibu na betri. Kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakilindwi na chochote.

MASWALI

*Fundi, nimekwama njiani, ya 10 imeungua na nina ya 15 tu. Niweke?*
Hapana, ndugu yangu. Kama redio yako inatumia ya 10, azima hiyo. Hata ya 7.5 ni afadhali. Ikikatika hujaunguza kitu.

*Shikamoo fundi. Lori langu ni volti 24, natumia hizihizi?*
Marahaba. Za miguu bapa nyingi zimeandikwa 32V, zinafaa. Soma mgongoni.

*Kila nikiweka gia ya rivasi fyuzi inakatika. Nimebadilisha balbu, bado.*
Fungua mlango wa nyuma, vuta ule mpira unaopitisha nyaya karibu na bawaba. Nyaya hujikunja hapo kila mlango unapofunguliwa, ganda linapasuka, shaba inagusa bodi. Ukikuta waya uliochubuka, kata, unga kwa risasi, vika ganda jipya. Usizungushie selotepu.