Kumnunulia mtu kamera yenye vyufainda Mombasa, kwa pesa kidogo

Msimu wa harusi ukianza, na matokeo ya kidato cha nne yakitoka, swali huwa ni lile lile: "Dada, nataka kumpa kijana kamera, ile ya kuchungulia kwa jicho, lakini mfuko wangu mdogo." Majuzi nimemzungusha jirani yangu madukani, kutoka Barabara ya Digo mpaka Moi Avenue, akimtafutia bintiye, nikaona bora niandike yote mahali pamoja. Mimi hupiga picha za harusi, hasa zile shughuli za usiku za wanawake, kwa hivyo nina kamera nizipendazo na nisizozitaka hata kwa bure.

Anayeuliza vyufainda, hicho kitundu cha kuchungulia, ya nini siku hizi, naye ana simu, aende Mama Ngina saa saba mchana wakati wa kaskazi. Kioo cha nyuma, yaani skrini, hakimwonyeshi bahari wala watu, kinamwonyesha uso wake mwenyewe. Jicho likikaa kwenye kitundu, jua halina neno tena. Na kamera ikishaegemea paji la uso, mkono hautetemeki ovyo.

Hatua ya 1: Lijue jicho la mtu wako

Usimwambie kitu. Kunja gazeti liwe bomba, mpe achungulie jahazi lililoko mbali, utazame analiweka jicho gani. Wa jicho la kulia hana taabu na kamera yoyote. Wa jicho la kushoto pua yake itaganda kwenye kioo cha nyuma, na kamera kama Sony a6000, ambayo kitundu chake kiko pembeni kabisa upande wa kushoto, itamchosha. Huyo mnunulie yenye kitundu katikati, juu ya lenzi.

Kama anavaa miwani, hakikisha kando ya kitundu pana kigurudumu kidogo cha dayopta, kile cha kurekebisha uoni. Nawe dukani ukichungulia ukaona ukungu, usiseme kamera mbovu. Zungusha hicho kwanza, mpaka maandishi ya ndani yasomeke.

Hatua ya 2: Chagua aina ya kitundu

DSLR ina kioo cha kuakisi ndani kinachorusha mwanga wa lenzi mpaka jichoni. Unaona kitu chenyewe, hata kamera ikiwa imezimwa. Zile za bei nafuu hukuonyesha kama asilimia 95 ya picha, kwa hivyo usishangae mkono wa mtu ukatokea pembeni na hukuuona. Mimi kwa pesa ndogo sina mjadala: DSLR iliyotumika.

Kamera zisizo na kioo ndani zina skrini ndogo kwenye kitundu. Uzuri wake unaona picha itakavyotoka, giza au mwanga, kabla ya kubonyeza. Ubaya wake ni betri, na tofauti kubwa kati ya skrini na skrini. Ya Sony a6000 ya 2014 ina nukta milioni 1.44, inatazamika. Ya Canon SX50 HS ya 2012, ile yenye zumu mara 50, ina nukta 202,000 tu. Zumu itakuletea mtu wa ng'ambo ya Likoni mpaka hapa, lakini kumtazama kitunduni ni kama kutazama televisheni ya zamani kupitia chandarua. Simpi mtu.

Halafu kuna vitundu vya kupenya moja kwa moja, visivyopita kwenye lenzi, kama vya Canon PowerShot A1200 ya 2011. Ni vidogo na havionyeshi picha yote, lakini kamera inakula betri mbili za kawaida za AA unazozipata duka lolote. Kwa mtoto wa miaka kumi inatosha sana.

Jihadhari na kamera mpya za bei ya kutupa mtandaoni, zilizoandikwa megapikseli 48 na 4K na umbo la kamera ya kazi. Omba picha ya mgongo wake. Zipo ambazo pale juu pana uvimbe wa plastiki tu, kitundu hakuna.

Hatua ya 3: Shika majina machache

Canon 700D, Canon 1300D, Nikon D3300. Basi. Ukipata Canon 200D kwa bei ya 700D, chukua. Canon 4000D ni mpya zaidi, ya 2018, lakini sehemu inayoshika lenzi ni ya plastiki na haina mtambo wa kujipangusa vumbi la sensa, kile kibapa cha ndani kinachonasa picha, mimi naiacha.

Kamera moja huwa na majina tofauti kulingana na ilikouzwa, na mitumba mingi imesafiri. 700D kwa Japani inaitwa Kiss X7i, kwa Marekani Rebel T5i. 1300D ni Kiss X80 na Rebel T6. Ukijua hili utapata kamera nzuri ambayo wenzako wameipita kwa kutolitambua jina. Lakini Sony zilizotengenezwa kuuzwa Japani huwa na menyu ya Kijapani pekee, na lugha haibadiliki. Iwashe, fungua menyu, kabla hujauliza bei ya mwisho.

Kwa Nikon, D3300 haina ndani mota ya fokasi, ile ya kuifanya picha iwe kali, kwa hivyo lenzi ziwe AF-S au AF-P, zenye mota zao wenyewe. Lenzi za AF za zamani zitaingia, ila fokasi utazungusha kwa mkono.

Hatua ya 4: Fangasi

Hapa ndipo tulipokaa mpaka adhana ya alasiri, na muuza duka akatuchoka. Kwetu pwani joto halipungui na hewa ina maji mwaka mzima, masika ndiyo usiseme. Kamera iliyolala kabatini ndani ya mkoba wa ngozi huota fangasi kwenye vioo vya lenzi, na kwa nje haionyeshi dalili yoyote. Inang'aa kama mpya.

Anza na pua. Fungua mkoba, nusa. Ukinusa uvundo wa nguo zilizokunjwa mbichi, kaza macho.

Itoe lenzi kwenye kamera, ondoa vifuniko vyote viwili. Lenzi za Canon zikitolewa hubaki wazi. Za Nikon za aina ya G hujifunga, na usipojua hili utakagua tundu la sindano na kujiona umekagua lenzi: nyuma, karibu na ukingo wa chuma au plastiki, pana kijiti kidogo, kisukume taratibu kwa ukucha na ukishikilie, utaona vile visu vya ndani vinafunguka. Nenda pembe yenye giza. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, utazame kwa mbele kwa kuinamisha, usiikodolee tochi moja kwa moja. Kisha geuza, tochi mbele, jicho nyuma. Zungusha zumu huku unatazama, maana vioo vya ndani husogea na kilichojificha hujitokeza.

Chembe mbili tatu zilizotawanyika ni vumbi, kila lenzi inalo na picha haliidhuru. Mstari mmoja ulionyooka ni mkwaruzo. Fangasi ni nyuzi zenye matawi, kama utando wa buibui au mizizi midogo, na mara nyingi huanzia ukingoni kuja katikati. Pia kuna utando wa maziwa usio na nyuzi, kioo kizima kimefifia. Huo nao huufanya mwanga wa jua uioshe picha mpaka ikapauka.

Muuzaji alituambia, "Dada, hilo vumbi tu, napangusa hivi." Akapangusa. Nyuzi zikabaki pale pale, maana zilikuwa ndani. Nikamwomba atuuzie kamera bila lenzi. Huo ndio ushauri wangu: fangasi ikiwa kwenye lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, iache lenzi, chukua mwili, kisha tafuta 18-55 nyingine iliyotumika, ni lenzi za kawaida mno. Kusafishisha kunaweza kugharimu kuliko thamani yake, na fangasi iliyokaa muda mrefu hula ule mpako wa juu ya kioo, hata ukiitoa alama hubaki.

Chungulia na kitundu chenyewe. Chembe unazoziona kitunduni kwenye DSLR hazitokei kwenye picha, zisikutishe. Ila nyuzi humo ndani zinakwambia kamera imelala wapi. Kwa sensa, weka f/22, yaani tundu la lenzi liwe dogo sana, piga picha ukuta mweupe, ikuze: madoa meusi ni vumbi la sensa, husafishika.

Hatua ya 5: Mengineyo

Piga picha kadhaa, jaribu flashi, bonyeza kila kitufe. Nikon huandika ndani ya kila picha ya JPEG idadi ya picha ilizokwisha piga. Ihamishie kwenye simu uisome. Shata ya D3300, lile pazia la ndani linalofunguka kila unapopiga, ilipimwa kwa picha 100,000. Canon hizi hazikwambii kirahisi hivyo. Chaja itazame maandishi: ikiwa 100-240V, umeme wetu haiuogopi, hata kama pini zake ni mbili bapa za Japani, adapta inatosha.

Hatua ya 6: Kulipa

M-Pesa baada ya kuishika mkononi, si kabla. Kwenye risiti iandikwe namba ya utambulisho (serial number) iliyo chini ya kamera, na siku ngapi una haki ya kuirudisha. Asiyetaka kuandika namba, muachie kamera yake.

Hatua ya 7: Kuifunga

Chaji betri, weka memori kadi na uifute humo humo kwenye kamera, rekebisha tarehe na saa. Mkoba wa ngozi usimpe. Mpe kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana, na pakiti za silika, zile za kunyonya unyevu, ndani. Mchele usitie, vumbi lake ni balaa jingine.

Na kama mnaipeleka kwa sinia, asumini zikae nje ya karatasi ya nailoni. Maua mabichi hutoa maji, na ukiyafungia pamoja na kamera usiku kucha, umeanza kuotesha kile kile ulichokuwa ukikikimbia dukani. Chetezo nacho kisipitishwe juu yake; moshi wa udi huacha mafuta kwenye kioo. Fukizeni sinia kwanza, kisha ndiyo muiweke kamera.