Somo: Kuwafanya vijana wa timu ya roboti wajali usalama karakanani

Mabango ya "Usalama Kwanza" tumeyabandika wote. Yanakaa ukutani mpaka yanapauka, na kijana bado anakata alumini akiwa na ndala miguuni. Somo hili ni la walezi na manahodha wa timu za shule, hasa zile ambazo karakana yao ni maabara ya fizikia inayoazimwa jioni. Msimamo wangu: sheria inayosimamiwa na vijana wenyewe ndiyo inayofuatwa mwalimu akitoka.

Hatua ya 1: Zungukeni karakana na chaki. Kila mmoja achore duara pale anapoona mtu anaweza kuumia: waya uliochubuka, drili ya mezani inayoyumba, betri juu ya meza ya chuma. Usiwasahihishe. Sheria zenu zitoke kwenye maduara hayo, zisizidi saba au nane. Sheria thelathini hakuna anayezikumbuka.

Hatua ya 2: Chagueni msimamizi wa zamu. Abadilike kila wiki, na awe na mamlaka ya kuzima swichi kuu hata kama anayefanya kazi ni nahodha au ni wewe mlezi. Kwenye FIRST Robotics Competition, mashindano yaliyoanza Marekani mwaka 1992, timu nyingi zina nahodha wa usalama, naye ni mwanafunzi. Siku atakayokusimamisha kwa sababu huna miwani, mshukuru mbele ya wote, ukavae. Na tafadhali, usimpe mtukutu kazi hii kama adhabu. Cheo kitadharauliwa mwaka mzima.

Hatua ya 3: Miwani ya kinga ikae mlangoni. Itundikeni kwenye misumari, si kabatini. Iwe na alama ya Z87 au EN 166, yaani viwango vya Marekani na Ulaya vya miwani ya kinga. Miwani ya jua haihesabiki. Hijabu na nywele zichomekwe, pete na bangili zivuliwe. Glavu nazo zivuliwe kwenye drili ya mezani. Wengi hushangaa, lakini kinachozunguka kikinasa glavu huvuta na vidole.

Hatua ya 4: Betri. Hapa msiwe na haraka. Vijana huogopa msumeno kwa sababu unapiga kelele. Betri imekaa kimya, wanaidharau. Betri ya madini ya risasi ya volti 12 ikiangukiwa na spana kwenye vichwa vyote viwili hutoa mamia ya ampea, na spana huwa nyekundu. Vichwa vifunikwe kwa utepe au plastiki, betri ibebwe kwa kushika mwili wake, si waya. Ichajiwe penye hewa, maana hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

LiPo, yaani betri ya lithiamu-polima, ni ngumu zaidi. Kila seli ikijaa ni volti 4.2, tumieni chaja inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji, mbali na makaratasi, na mtu awepo. Kuchaji usiku kucha ni marufuku. Ikikaa wiki bila kazi, iachwe kwenye volti 3.8 hivi kwa seli.

Hatua ya 5: Umeme ukikatika, mikono kwenye plagi. Grainda iliyoachwa na swichi imewashwa huanza yenyewe umeme ukirudi, pengine mtu ameishika anabadilisha diski. Fanyeni zoezi mchana: msimamizi azime swichi kuu ghafla, kisha apite kuona nani hajachomoa.

Hatua ya 6: Daftari la "nusura". Aliyeponea chupuchupu aandike, bila kuadhibiwa. Lisomwe kabla ya kazi kuanza. Ulizeni ilikuwaje, msiulize ni nani.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Tuna miwani tatu tu na wanafunzi kumi na wanne. Tufanyeje?*
Marahaba. Basi wanaokata na kutoboa ni watatu. Chora mstari sakafuni, wengine wakae nyuma yake wafanye programu au michoro.

*Msimamizi wetu ni binti wa kidato cha pili. Kaka zake wa cha nne hawamsikii.*
Mpe waya wa kuongezea umeme. Autunze yeye, autoe yeye, autie yeye kwenye soketi. Asiyemsikiliza atatumia tupa na mkono.

*Wakiungua na pasi ya kulehemu wanapaka dawa ya meno. Ni sawa?*
Hapana, wala mafuta, wala barafu. Maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Bomba likiwa kavu, mmiminie kwa jagi. Malengelenge makubwa yaende kituo cha afya. Na wanawe mikono kabla ya kula, lehemu nyingi ina risasi.

*LiPo yetu imevimba kidogo ila roboti inatembea vizuri. Mashindano ni Jumamosi, tuitumie mara ya mwisho?*
Hapana, ndugu yangu. Usiichaji, usiitoboe ili "itoe hewa". Itie kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga, nje, mbali na jengo, na leo hii anza kutafuta timu ya kuazima betri.