SOMO: Ukikuta tumbusi wamekufa kando ya mzoga

Wadau, habari. Huku Narok, ng'ombe akiliwa na simba usiku, asubuhi kuna mtu anaunyunyizia mzoga dawa ya wadudu. Anamlenga simba, lakini wanaokufa wengi ni tumbusi, maana mmoja akishuka, walio mbali angani humwona na kumfuata.

1. Angalia nzi kwanza. Mzoga wa kawaida unavuma. Wenye sumu, nzi wametapakaa chini wamekufa. Pengine utaona na chembechembe za zambarau kwenye nyama. Usiguse chochote kwa mikono mitupu, hata unyoya. Mbwa wafungwe.

2. Piga picha, hesabu ndege. Tafuta hadi chini ya miti na mtoni, kwa kuwa wengine huruka kidogo ndipo waanguke. Mimi niliwahi kuandika kumi na mmoja, wa kumi na mbili nikamkuta kesho yake ndani ya maji tunayonyweshea.

3. Pigia askari wa wanyamapori: Kenya ni KWS, Tanzania TAWA au ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Ukiwasubiri, fukuza kila ndege anayetaka kutua. Hii kazi watu huidharau, na ndiyo inayookoa wengi.

4. Sampuli zikishachukuliwa, choma mzoga pamoja na ndege hadi majivu, kisha fukia. Kuni ziwe nyingi kwelikweli. Moshi usikupate.

5. Aliye hai mtie kwenye boksi lenye matundu, mpeleke kwa daktari wa mifugo haraka; sindano ya atropini huweza kumwokoa. Atakutapikia, na matapishi yenyewe ni sumu. Vaa glavu.

MASWALI

Si watazaliana tu?
Tumbusi hutaga yai 1 kwa mwaka. Mwaka 2019 kule Botswana walikufa 537 kwenye mizoga ya tembo 3. Piga hesabu mwenyewe.

Hao tembo nao walikula ng'ombe wa nani?
Hapo ni majangili. Tumbusi wakizunguka angani huwachongea kwa askari, basi wanawawekea sumu.

Na ng'ombe wangu je?
Swali la haki. Imarisha zizi: wavu wa waya na taa za kumwekamweka usiku. Wavu uchimbie chini, fisi ni fundi wa kuchimba.

Nyama ikichemshwa sana si sumu inaisha?
Hapana. Usile, usiuze, mbwa usimpe.