Kabla kiangazi hakijafika Kampala: hewa utakayovuta

Mvua zikikatika Desemba, vumbi la barabara za udongo hupanda na halina cha kulituliza hadi karibu Machi. Ukiongeza moshi wa makaa, magari ya zamani na takataka zinazochomwa uani, wakazi wa mabondeni kama Bwaise ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu usiku hewa baridi hushuka na kuufungia moshi huko hadi jua lipande. Maandalizi yaanze Novemba.

Anza na ramani, lakini ujue inasema nini. Ramani za dunia za chembechembe laini, zile za maikromita 2.5 kushuka chini, hutegemea setilaiti zinazopima jinsi mwanga unavyofifishwa na hewa yote kutoka juu hadi chini. Kiasi kilicho usawa wa pua zetu hukadiriwa kwa hesabu za kompyuta na kusahihishwa kwa vipimo vya ardhini, ambavyo Afrika ni vichache. Mawingu nayo huziba. Kwa hiyo rangi iliyo juu ya Kampala ni wastani wa eneo pana, mara nyingi wa mwaka mzima. Haikwambii lolote kuhusu kichochoro chako. Usipange nyumba kwa kuitazama hiyo.

Kinachokufaa kiko Makerere. Tangu 2015 mradi wa AirQo wa chuo hicho umekuwa ukiunda vipimo vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi na joto letu, vingine vikifungwa kwenye bodaboda. Pakua programu yao, tafuta kipimo kilicho karibu nawe, kisha usome asubuhi, mchana na jioni kwa wiki nzima kabla ya kuamua watoto watembee saa ngapi. Shirika la Afya Duniani, kwa mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa chembe hizi laini kwa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, na wa mwaka usizidi 5.

Wengi hufikiria kifua tu. Chembe hizi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuathiri hata damu, ndiyo maana zinahusishwa na kiharusi, mshtuko wa moyo, saratani ya mapafu na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mwenye presha ajiandae sawa na mwenye pumu. Hakikisheni dawa zipo, na pampu ya pumu haijaisha muda wake.

Jikoni ndiko ningeanzia kutumia pesa. Sigiri ikiwaka chumbani mlango umefungwa, hewa ya humo inaweza kuwa mbaya kuliko ya barabarani. Itoeni nje, au nunueni gesi mkiweza.

Barakoa ya kitambaa haizuii vizuri chembe hizi. Tafuta ya N95 inayobana uso pande zote, hasa ukiwa dereva wa boda. Na kabla vumbi halijaanza, wewe na majirani mwoneni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wenu, mkubaliane takataka zitapelekwa wapi badala ya kuchomwa.